UZI: Mnyoo wa barua pepe unavyosambaa na namna ya kuukata, kuanzia ILOVEYOU ya 2000 hadi Emotet

SevaMkuu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Ushauri unaozunguka mitandaoni ni "usifungue barua kutoka kwa mtu usiyemjua". Una kasoro moja kubwa: virusi vinavyosambaa kwa barua pepe huja kutoka kwa mtu unayemjua. Bosi, shemeji, mhasibu wa kampuni mnayofanya nayo biashara. Kitabu cha anwani ndicho petroli yao. Nafungua uzi huu tupasue kimoja kipande kwa kipande, kisha wenye ujuzi waongezee nyama.

Nachukua ILOVEYOU, mnyoo (programu hasidi inayojituma yenyewe) wa mwaka 2000, kwa sababu msimbo wake ulikuwa wazi, mistari kama mia tatu ya VBScript (lugha ya skripti, yaani amri za kuandikwa, ya Windows) inayosomeka kwenye Notepad, na hila zake bado zinatumika leo zikiwa zimebadilishiwa nguo.

Ilianza kusambaa Alhamisi tarehe 4 Mei 2000 kutoka Manila, Ufilipino. Barua ina kichwa ILOVEYOU, ndani kuna sentensi moja ya kukusihi usome barua ya mapenzi iliyoambatishwa, na kiambatisho kinaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Ikafuata jua: ofisi za Asia zikifungua, halafu Ulaya, halafu Marekani. Bunge la Uingereza likalazimika kuzima barua pepe zake siku hiyohiyo.

Sasa tazameni jina la faili. Windows ikiachwa ilivyotoka kiwandani huficha mkia wa faili za aina inazozijua. Inaijua .vbs, kwa hiyo inaificha, na mtu anabaki anaona LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT. Akilini mwake hayo ni maandishi tu, hayana neno. Anabofya mara mbili, na Windows Script Host, sehemu ya Windows inayoendesha skripti, inaamka kutekeleza kilichomo.

Kinachofuata ni hiki. Skripti inajinakili mara tatu: MSKernel32.vbs na LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs kwenye folda ya System, na Win32DLL.vbs kwenye folda ya Windows. Majina mawili kati ya hayo yametungwa yafanane na faili halali za mfumo ili ukiyaona uyapite. Kisha inajiandika kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya Run na RunServices, ili kila kompyuta ikiwashwa nayo iwake. Inabadilisha ukurasa wa kwanza wa Internet Explorer uelekee kwenye faili WIN-BUGSFIX.exe, ambayo kazi yake ni kuiba nywila.

Halafu inazunguka kila diski ya ndani na kila diski ya mtandao iliyounganishwa. Picha za .jpg na .jpeg zinaandikwa juu kwa msimbo wa mnyoo wenyewe, ya asili inafutwa. Vivyo hivyo .css, .js, .hta na nyinginezo. Muziki wa .mp3 ulipona kidogo: faili ya asili ilifichwa tu, na kando yake ikawekwa ya uongo yenye mkia .vbs. Waliokuwa wanajua amri ya attrib -h walirudishiwa nyimbo zao. Picha ndiyo basi tena, labda uwe na nakala kwingine.

Na hapo katikati inafungua Outlook, programu ya barua ya Microsoft, kimyakimya, inasoma orodha zote za anwani na kumtumia kila mmoja nakala yake. Inaweka kumbukumbu kwenye rejista ya nani ameshatumiwa ili isimrudie.

Karibuni.

---

Bi_Rejista

Mkuu uzi mzuri. Nyongeza ya istilahi kabla watu hawajagombana: kirusi hujipachika ndani ya faili au programu nyingine na kusubiri ibebwe. Mnyoo hujisafirisha wenyewe. ILOVEYOU ni mnyoo, ingawa ulihitaji binadamu abofye mara moja kwa kila kompyuta. Melissa ya tarehe 26 Machi 1999 ilikuwa na damu mbili: makro (amri zinazofichwa ndani ya hati) inayoambukiza hati za Word, lakini pia inajituma kwa Outlook.

Tofauti yao kubwa ni hesabu. Melissa ilichukua anwani 50 za kwanza za kila orodha. ILOVEYOU ilichukua zote. Chukua 50: kila mtu akifungua, mzunguko wa pili ni barua 2,500, wa tatu 125,000. Najua si kila mtu anafungua. Tuseme mmoja tu kati ya kumi ndiye anayebofya: 50 zinazaa waathirika 5, wao wanazaa 25, hao 125. Bado inapanda. Kwa mwenye anwani 300, hata akibofya mmoja kati ya hamsini, kila mwathirika anazaa sita.

Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini ofisini hatutafuti kinga ya asilimia mia. Ukishusha wabofyaji mpaka kila mwathirika azae chini ya mmoja, mnyoo unakufa wenyewe.

---

KodiSafi

Swali kwa wajuvi. Kuisoma barua tu bila kugusa kiambatisho, unaweza kuambukizwa? Kila mtu humu ana jibu lake.

---

SevaMkuu

Kwa ILOVEYOU na Melissa, hapana. Unaweza kuisoma barua mara mia, bila kubofya kiambatisho hakitokei kitu.

Ila lilikuwepo kundi la pili. BubbleBoy ya Novemba 1999 iliwaka kwa kuisoma barua tu. Nimda ya Septemba 2001 na Klez iliyofuata zilitumia tundu la Internet Explorer, kwa sababu Outlook ilikuwa inamtumia huyohuyo kuonyesha barua zenye HTML. Barua ilidai kiambatisho chake ni sauti, kivinjari kikakipokea kwa nia ya kukipiga, kumbe ni programu, ikaendeshwa. Ukidokoa barua kwenye kidirisha cha kuchungulia tu, umeisha. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimeshatoka miezi kadhaa kabla ya Nimda, tatizo ni kwamba watu hawakukiweka.

Siku hizi programu za barua hazitekelezi skripti zilizo ndani ya barua, kwa hiyo kusoma tu kuna hatari ndogo sana mradi masasisho yako yako sawa. Ndogo, si sifuri. Machi 2023 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu la Outlook liitwalo CVE-2023-23397, ambapo mwaliko wa kalenda peke yake ulivujisha alama fiche ya nywila yako (hash) ya Windows kwenda kwa mshambuliaji bila kubofya kitu. Haukuwa mnyoo, lakini unaona mlango ulipo.

---

waya_wa_shaba

Wakuu, mbona tunazungumzia 2000 kana kwamba imekwisha? Nani leo anatumiwa .vbs? Gmail inakataa .vbs na .exe zamani, na .js tangu Februari 2017, hata ukizifunga ndani ya zip. Outlook nayo ilianza kuzuia mwaka uleule wa 2000, ikaongeza na onyo kila programu inapotaka kugusa kitabu cha anwani. Mlango huo umefungwa. Tuongelee vya leo.

---

Bi_Rejista

Mlango umefungwa, dirisha je?

Mydoom, Januari 2004, haikuhitaji Outlook kabisa. Ilikuja na injini yake ya kutuma barua, na anwani ilizichokonoa ndani ya faili zilizomo kwenye diski: kurasa za wavuti zilizohifadhiwa, maandishi, kitabu cha anwani. Ikagushi na jina la mtumaji. Hapo ndipo ukawa unapokea lawama "kompyuta yako inatuma virusi" wakati yako ni safi. Aliyeambukizwa ni mtu wa tatu mwenye anwani zenu wote wawili. Ikafungua na mlango wa nyuma wa kuingilia kompyuta kutoka nje, kwenye port namba 3127.

Baadaye Emotet. Ilionekana 2014 ikiwa ya kuiba taarifa za benki, ikageuka dalali: inaingia kwako, kisha inauza nafasi kwa wengine. Mlolongo uliozoeleka ulikuwa Emotet, halafu TrickBot, halafu Ryuk inayofunga faili zako na kudai fidia. Polisi wa nchi kadhaa chini ya uratibu wa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, waliziteka seva zake Januari 2021, na Novemba mwaka huohuo ikarudi.

Mbinu yake ya kutisha si faili, ni mazungumzo. Iliiba barua halisi kutoka kikasha cha mwathirika, ikajibu ndani ya mazungumzo yaleyale. Wewe na mteja mlikuwa mnajadili ankara wiki iliyopita, leo linakuja jibu chini ya maneno yenu wenyewe: "Tafadhali angalia hati iliyoambatishwa." Kichwa kinaanza na Re:, na maneno mliyoandikiana yako palepale chini. Hapo "usifungue ya usiyemjua" inakusaidia nini?

---

SevaMkuu

@waya_wa_shaba soma hapo juu mara mbili.

Niongeze kuhusu vibebeo, maana vinabadilika kila mlango unapozibwa. Mpaka 2022 kibebeo kikuu kilikuwa hati ya Word au Excel yenye makro. Mwaka huo Microsoft ikaanza kuzuia makro za faili zilizotoka mtandaoni. Windows inajuaje faili imetoka mtandaoni? Kivinjari au programu ya barua huipachika chapa ndogo isiyoonekana iitwayo Zone.Identifier, ndani yake ZoneId=3. Ukitaka kuiona, bofya kulia kwenye faili, Properties, na chini utakuta kisanduku cha Unblock. Kikiwepo, chapa ipo.

Wahalifu wakahamia vibebeo visivyopitisha chapa hiyo. Faili za .iso (faili moja inayobeba nakala ya diski nzima): chapa inakaa kwenye iso, lakini ukiifungua, vilivyomo ndani vilikuwa havina, mpaka Windows iliporekebishwa Novemba 2022. Kisha njia za mkato za .lnk. Kisha mwanzoni mwa 2023 hati za OneNote, daftari la kidijitali la Microsoft, zenye mkia .one, zina kitufe kikubwa "bofya uone hati" na chini ya kitufe imefukiwa skripti.

Emotet yenyewe Novemba 2022 ilikuja na kituko. Faili ya Excel ilimwelekeza msomaji aihamishie kwenye folda ya Templates ya Office kisha aifungue tena huko. Folda hiyo inaaminika, kwa hiyo makro huwaka bila onyo. Kuhamishia huko kunahitaji ruhusa ya msimamizi, Windows inakuuliza, na bado watu walibonyeza Continue. Hati yoyote inayokufundisha jinsi ya kuifungua ni ya kufuta hapohapo. Ankara halali haina maelekezo ya matumizi.

---

fundi_wa_mezani

Tushuke kwenye vitendo sasa. Hivi ndivyo ninavyoona vya kuwekwa kwenye kila kompyuta ya ofisi, gharama ni muda tu.

Onyesha mikia ya faili. Windows 11: fungua File Explorer, View, Show, weka alama File name extensions. Windows 10 ni View kisha kisanduku cha jina hilohilo. ANGALIZO: hata ukifanya hivyo, .lnk haionyeshwi. Itambue kwa mshale mdogo kwenye kona ya ikoni. Faili iliyokuja kwa barua ikiwa na mshale huo, usiendelee, hakuna mtu anayetuma njia ya mkato kwa nia njema.

Fanya skripti zifunguke kwa Notepad. Settings, Apps, Default apps, andika mkia kwenye kisanduku cha juu, chagua Notepad. Fanya kwa .js, .jse, .vbs, .vbe, .wsf na .hta. Mtu akibofya kwa bahati mbaya atakutana na maandishi ya ajabu, basi. Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote na sijui kwa nini haifanywi.

Ukitaka kukaza zaidi, zima Windows Script Host kabisa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Kinachoweza kuharibika: skripti za kuingilia za mtandao wa ofisi ikiwa zimeandikwa kwa VBScript, na slmgr.vbs inayotumika kuwasha leseni ya Windows. Kwa hiyo jaribu kwenye mashine moja kwanza. Kurudisha, amri ileile na /d 1.

Office: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings. Kwa mtu asiyetumia makro kazini chagua ya kuzima zote bila taarifa. Chaguo la "with notification" linaacha kitufe cha njano, na kitufe kikiwepo kitabonyezwa.

Akaunti ya kawaida badala ya ya msimamizi: weka, lakini msijidanganye. Mnyoo wa barua hauhitaji usimamizi kusoma anwani zako na kutuma barua kwa jina lako. Vyote hivyo ni vyako tayari, na ukiubofya unaendeshwa kama wewe.

---

KodiSafi

Na antivirus? Umeiruka.

---

fundi_wa_mezani

Iwepo na isasishwe, Defender ya Windows inatosha wengi. Lakini antivirus inatambua vizuri kile kilichokwisha kuonekana. Mnyoo wa barua hufanya madhara yake saa chache za kwanza, kabla alama zake za utambuzi hazijafika kwenye antivirus yako. ILOVEYOU siku ya kwanza ilipita kwenye antivirus kwa sababu hiyohiyo, na kwa vile ilikuwa maandishi matupu, kila aliyeipata aliweza kubadilisha kichwa cha barua na kutoa toleo jipya.

---

Mama_DNS

Kuhakiki mtumaji. Kwenye Gmail fungua barua, nukta tatu, Show original. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki kama barua imetoka kweli kwenye kikoa (jina la mtandao linalofuata @) inachodai, kila kimoja na PASS au FAIL. FAIL kwenye DMARC kwa barua inayodai imetoka benki au kwa mkurugenzi wako: futa.

Lakini someni hapa polepole: PASS zote tatu hazisemi barua ni salama. Zinasema imetoka kweli kwenye kikoa hicho. Kikasha cha mhasibu kikiwa kimetekwa, barua ya mnyoo itapita zote tatu. Kwa hiyo kiambatisho usichokitarajia, hata PASS tatu, mpigie simu mtumaji. Tumia namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyoandikwa chini ya barua hiyo.

Wenye vikoa vyao, msikae na p=none (mpangilio wa DMARC unaoripoti tu bila kuzuia) miaka mitatu. Anza nayo wiki chache usome ripoti uone ni mifumo gani halali inatuma kwa jina lako, hasa ule wa ankara ambao kila mtu huusahau, kisha p=quarantine (ziende kwenye spam), kisha p=reject (zikataliwe). Hii inawazuia wanaogushi jina lako mtindo wa Mydoom. Mnyoo ulio ndani ya kikasha chako hauzuiwi na DMARC.

---

waya_wa_shaba

Sawa nimeelewa, narudisha maneno. Swali langu sasa: mtu ameshabofya. Afanye nini dakika kumi za kwanza?

---

SevaMkuu

Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi. Usianze kufuta mafaili, na usiingie benki wala barua pepe kwenye mashine hiyo.

Chukua kifaa kingine kisafi. Badili nywila ya barua pepe, kisha uondoe vifaa vyote vilivyoingia, maana kubadili nywila tu wakati mwingine kunamwacha mgeni ndani. Washa uhakiki wa hatua mbili. Halafu hii inayosahaulika: ingia kwenye mipangilio ya barua uangalie vichujio na usambazaji. Anayeteka kikasha anaweza kuweka kichujio kinachofuta majibu ya watu wanaokuuliza "hii umetuma wewe?", nawe unabaki unadhani kumetulia.

Waambie watu kwa simu au WhatsApp. Kuwaambia kwa barua pepe ni kuongeza barua nyingine isiyoaminika kutoka kwako.

Kwenye mashine yenyewe: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, Microsoft Defender Offline scan. Inaizima na kuiwasha kompyuta na kukagua kabla Windows haijaamka, yapata dakika 15. Kisha tafuta programu usizozijua zinazojiwasha zenyewe: angalia Startup kwenye Task Manager, na Task Scheduler. Ikithibitika ni jamii ya Emotet, usipoteze muda kusafisha. Sakinisha Windows upya, kwa sababu hujui imeshamwingiza nani mwingine. Na kompyuta za jirani kwenye mtandao uleule zikaguliwe, Emotet ilikuwa inabahatisha nywila za wenzake kupitia mtandao wa ndani.

Taasisi ziripoti kwenye kituo cha taifa cha matukio ya usalama wa mtandao: Tanzania ni TZ-CERT, Kenya ni KE-CIRT.

---

Bi_Rejista

Dalili moja ya bure: barua za kurudishwa. Ukianza kupokea kwa mkupuo taarifa kwamba barua zako hazikufika, kwa watu ambao hukuwaandikia, ama anwani yako imegushiwa ama kikasha kimetekwa. Fungua folda ya Sent. Zikiwemo, ni wewe. Zisipokuwemo usifurahi haraka, huenda zimefutwa, kagua na Trash na orodha ya vifaa vilivyoingia. Gmail ya kawaida ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, kwa hiyo ukiambiwa umefikia kikomo na leo umeandika barua mbili, jibu unalo.

Na nakala za akiba: diski ya mtandao iliyounganishwa muda wote si akiba. ILOVEYOU ilizifuata hukohuko. Diski ya nje, chomeka, nakili, chomoa.

---

KodiSafi

La mwisho kwangu. Zip yenye nywila, na nywila imeandikwa kwenye barua hiyohiyo. Mteja anasema ni kwa usalama.

---

Mama_DNS

Usalama wa nani? Anayeiba barua hiyo anaiba na nywila yake. Kufunga namna hiyo kunamzuia mmoja tu: kichujio cha seva, kisiweze kuchungulia ndani. Emotet iliitumia hasa kwa ajili hiyo. Mjibu mteja aweke hati kwenye hifadhi ya mtandaoni mnayotumia wote, au akutumie nywila kwa simu. Akishindwa vyote viwili, mpigie.